Mgeni Niliyempeleka kwa Mama

Mwenzangu alipoajiriwa katika idara yetu, mimi ndiye niliyemwonyesha ofisi yake. Ilikuwa ile ya mwisho kwenye veranda, yenye dirisha linalotazama mashamba ya chai, na nilikuwa nimeiomba kwa muda mrefu bila kupewa jibu. Nikamkabidhi ufunguo. Akafungua dirisha, akaegemea nje, akavuta pumzi.

"Dada, hapa mtu anaweza kufikiri," akasema.

Nikatabasamu. Ofisi yangu ilitazama tangi la maji na mlango wa choo cha wanaume.

Ninafundisha usanifu na utamaduni wa picha katika kampasi ndogo nje kidogo ya mji wa Kericho. Watu wa nyumbani kwetu Sosiot huniuliza hiyo ni kazi gani hasa, nami huwaambia kwamba nafundisha vijana kuangalia. Huwa hawaridhiki. Shahada yangu ya uzamifu niliiandikia picha za studio, zile za zamani ambazo karibu kila nyumba huku kwetu inazo ukutani: mtu amevaa koti la kuazima, amesimama wima kama yuko gwaride, mkono mmoja uko juu ya mgongo wa kiti, na nyuma yake kuna pazia lililochorwa. Katika nyingi ya picha hizo, kuanzia Sosiot hadi Roret hadi kule chini Soin, pazia ni lile lile. Lina barabara pana inayopinda kuelekea mlimani, ndege angani, na pembeni ngazi za jumba ambalo lenyewe halionekani. Watu walikuwa wakipanda kutoka vijijini hadi studio moja ya mjini Kericho ili wapigwe picha mbele yake.

Pazia hilo nililiandikia sura nzima. Nilieleza kwa nini barabara, kwa nini ndege, watu walitaka kuonekana wakienda wapi. Kwenye nafasi ya jina la msanii niliandika "mchoraji asiyejulikana", na nakumbuka nililipenda neno hilo. Lilikuwa na heshima yake ya kitaaluma.

Mwenzangu huyu alikuwa mdogo kwangu kwa umri na kwa cheo. Alikuwa amesomea midia mpya, yaani filamu fupi za simu, tovuti, na maonyesho ambayo mtu anaingia chumbani na sauti zinamfuata ukutani. Wazazi wake walitoka Kisii wakaja kuchuma chai katika shamba moja kubwa, naye akazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi na kukua akicheza na watoto wa Kipsigis wa upande wa pili wa ua. Mashine za kuchuma zilipoletwa, wazazi wake walirudi kwao. Filamu iliyompa jina ilikuwa ya mama yake, ameketi kwenye kigoda nyumbani Kisii, akimwonyesha binti yake jinsi alivyokuwa akichuma. Mikono yote miwili inachuma hewa, upesi upesi, na hakuna jani hata moja. Basi, ni hiyo tu.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa natafuta kasoro. Nikapata moja, kwamba upepo ulikuwa unagonga maikrofoni. Kwa wiki kadhaa nilijifariji kwa upepo ule. Kila mtu alipoisifu filamu mbele yangu, mimi nilisikia upepo.

Wanafunzi ndio walioniumiza kwanza. Zamani veranda ile ilikuwa yangu. Walikuja na michoro yao ya mabango, na nembo za vyama vya ushirika vya maziwa walizobuni, wakaketi sakafuni kwangu mpaka mvua ya alasiri ikaisha. Sasa nilisikia viatu vikija, vikipita mlango wangu, vikiendelea hadi mwisho. Kisha kicheko. Ana kicheko cha kujaza nyumba. Nilijifunza kutambua viatu vya kila mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani kwa jinsi vilivyopita.

Siku moja msichana mmoja niliyemsimamia tangu mwaka wa kwanza alichungulia kwangu. Nikafurahi, nikasogeza kiti.

"Madam, samahani," akasema. "Yule Daktari mpya ako?"

Sasa nieleze jinsi alivyofika nyumbani kwetu, kwa sababu hakuna mtu wa kumlaumu ila mimi. Alikuwa amesoma tasnifu yangu. Aliisoma kweli, si kama wale wanaosoma dibaji kisha wanakupongeza. Alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza habari za pazia, akaniuliza kama anaweza kuziona picha zenyewe, siyo nakala. Nilivimba kichwa. Nikamwambia picha bora ziko sebuleni kwa mama yangu, na Jumapili baada ya kanisa ningempeleka.

Mama ana miaka sabini na ushee, na tangu baba afariki anaishi peke yake na ng'ombe wake na kipande cha chai. Hana maneno mengi. Sisi watoto wake tumezoea kuketi naye kimya, na mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kimya hicho ndicho lugha yetu.

Mwenzangu alishuka kwenye gari, akainama, akamsalimia mama kwa Kikipsigis. Kilikuwa Kikipsigis laini, cha ndani, cha watu waliokua wakichezea matope ya huku. Mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, na mpaka leo mama hunisahihisha maneno. Yule hakusahihishwa hata neno moja. Mama alimtazama kama mtu aliyesikia redio ikimtaja.

"Huyu umemtoa wapi?" akaniuliza.

"Ni mwalimu mwenzangu."

"Ni wa kwa nani?"

Mwenzangu akajieleza mwenyewe, kwamba ni wa Kisii lakini kitovu chake kiko huku, kwenye kambi ya wafanyakazi. Mama akacheka. Akaleta mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kibuyu kile kizuri ambacho huwa hakitoki kabatini. Tulipokuwa tunaondoka, mwenzangu alimwita mama "kogo", neno ambalo watoto wangu humwitia nyanya yao, na mama akaitika bila hata kufikiri.

Njiani kurudi mjini mwenzangu alinishukuru sana. Nilimjibu kwa neno moja moja. Nikamwambia kichwa kinaniuma, na kufika Kericho kilikuwa kinauma kweli.

Alirudi kule bila mimi. Nilijua kwa sababu nilimpigia mama simu jioni moja kuuliza habari za ndama, naye akaniambia, kama jambo la kawaida, "Mgeni wako alikuwa hapa. Alinisaidia kufungia ndama." Wiki iliyofuata alikuwa ameenda tena. Nilijiambia ni jambo jema kwa mzee kupata wa kuongea naye. Nilijiambia hivyo nikiosha vyombo, na nikavunja sahani.

Kisha tukaalikwa wote, idara nzima, kutazama kazi yake mpya katika ukumbi wa kampasi. Alikuwa ameniambia mapema kwamba anarekodi sebule za akina mama: vitambaa vya kudarizi kwenye viti, kalenda za zamani, picha za harusi. Nilijua mama yumo. Nilimnunulia leso mpya ya kichwa kwa ajili ya siku ile, lakini akasema magoti yanamsumbua, hatakuja. Niliketi mstari wa pili, karibu na mkuu wa idara. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na fundi alilazimika kupandisha sauti mpaka mwisho.

Walitangulia akina mama wengine, mmoja wa Roret, mwingine wa karibu na Bomet. Halafu nikaona dirisha la nyumbani kwetu, na mama chini yake, kwenye kiti cha baba. Ameshika picha ya harusi ya dada yake, ile ambayo mimi mwenyewe niliiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu. Akailaza magotini. Akaweka kidole juu ya ndege.

"Hii pazia," mama akasema, "ni mimi nilichora."

Ukumbi ulitoa sauti, ile sauti ya watu wengi kuvuta pumzi pamoja. Mimi sikuvuta. Mama akaendelea, kwa utulivu, kana kwamba anasimulia habari za jirani. Kabla hajaolewa aliishi mjini na mamake mdogo, akawa anafagia studio. Mvua ya mawe ikavunja dari, pazia la zamani likaharibika. Mwenye studio alikuwa amemwona akichora kwa makaa kwenye ukuta wa nyuma, akamletea rangi na kitambaa kipya. Alichora kwa muda wa majuma kadhaa, baada ya wateja kuondoka. Ngazi alizitoa kwenye picha ya gazeti. Barabara ni ile ya kuteremka kwao, ila aliipanua. Mlima hakujua ni upi.

"Nilipomaliza," akasema, "nilisimama mbele yake. Huyo mzee akanipiga picha moja. Sijui ilienda wapi."

Halafu akacheka. Alifunika mdomo kwa mkono kama msichana. Nimemjua mama yangu kwa zaidi ya miaka arobaini, na sijawahi kumwona akicheka hivyo.

Watu walipiga makofi wakisimama. Mkuu wa idara alinigeukia, macho yamemlowa, akasema, "Daktari, kumbe ni damu! Unaona fahari gani sasa!" Nikasema, ndiyo, fahari kubwa. Mikono yangu ilikuwa inapiga makofi yenyewe. Lakini ndani nilikuwa nawaka, na naomba nieleweke vizuri: sikuwa na hasira ya kudanganywa, wala aibu ya kukosea katika tasnifu. Ulikuwa wivu mtupu, kama wa mtoto aliyeona mama yake akimnyonyesha mwingine. Lile lilikuwa swali langu. Nilikuwa nimelizunguka kwa nusu ya maisha yangu ya kazi, na jibu lake lilikuwa likinipikia chai kila Jumapili. Na limemfungulia mlango huyu.

Nilimkuta kwenye veranda, wanafunzi wamemzunguka. Aliponiona aliwaacha akanijia mikono imenyooshwa. Sikuipokea.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Mara ya tatu nilipoenda. Dada, nilidhani unajua. Kisha nikaona hujui, nikamwambia, kogo, mwambie mwalimu kabla sijaonyesha watu. Akasema atakuambia mwenyewe."

"Hakuniambia."

"Jana nilimpigia. Akasema ameshakuambia." Uso ulikuwa umemshuka. "Pole. Wallahi ningeitoa."

"Usitoe. Ni nzuri," nikasema. Na ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililonikaba. Hakukuwa na upepo hata kidogo.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Mama alikuwa jikoni, anapepeta maharagwe. Sikusalimia vizuri. Tuliongea Kikipsigis, naye kwa mara ya kwanza hakunisahihisha.

"Mama, ulisema umeniambia."

"Nilitaka kukuambia."

"Nilikuuliza! Nilizileta hizo picha hapa mezani, nikakuuliza moja moja, wewe na shangazi zangu."

"Uliniuliza ni nani amevaa suti. Nikakuambia ni nani amevaa suti." Aliendelea kupepeta. "Na baba yako alikuwa ameketi hapo. Baba yako hakupenda. Tulipooana alisema mke wake si mtu wa studio, na mimi nikasema sawa. Sasa ningeanza kuongea mbele yake, na wewe umeshika kalamu?"

"Baba amefariki miaka mingi."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Mama aliweka ungo chini. Akanitazama, nami nikajua nimeongea kwa sauti ya mtoto.

"Yeye ni mgeni," akasema. "Mgeni unamwambia, anaenda. Wewe ukijua, unabaki unaniangalia. Ungeanza kunihurumia. Ungesema, mama alinyimwa. Mimi sikutaka kuwa mtu wa kunyimwa mbele ya watoto wangu."

Alichosema kilikuwa kweli, kwa sababu nilikuwa tayari nimeanza kumhurumia tangu ukumbini. Nilichukua ungo nikamalizia maharagwe. Lakini moyo haukupoa, na ningependa kusema ulipoa siku ile kwa sababu ndivyo ambavyo mtu mzuri angesimulia.

Filamu ilisafiri. Ilionyeshwa Nairobi, kisha nchi za nje, na muhula uliofuata mwenzangu aliomba kupandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi. Nafasi ilikuwa moja. Mimi nilikuwa na cheo hicho tayari, kwa hiyo sikuwa nashindana naye, ila niliwekwa kwenye jopo la kusoma kazi zake. Nilibeba faili nyumbani. Niliisoma kazi ile ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayekagua nyumba ya jirani, nikitafuta ufa. Maandishi yake yalikuwa wazi kuliko yangu. Katika moja alikuwa amenitaja mara nyingi, kwa heshima, na kusema bila tasnifu yangu asingejua hata kuuliza.

Siku ya kikao nikainuka kabla hatujaanza. Nikasema mama yangu yumo katika kazi hii, sifai kuihukumu, nikaomba kutoka. Wenzangu wakanisifu kwa uadilifu. Ukweli ni kwamba niliogopa kinywa changu. Nilijua ningesema "ni kazi nzuri, lakini", na nilijua nimeandaa vizuri sana yale yanayokuja baada ya "lakini".

Alipata. Alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango nyuma yake.

"Wameniambia ulitoka ili nisije nikasemwa kwamba nilipendelewa," akasema. "Sitasahau, dada."

Angalau angekuwa na majivuno kidogo! Ningepata mahali pa kushika. Nikampongeza, tukakumbatiana, na nikahisi machozi yake shingoni kwangu, nami nikitazama tangi la maji juu ya bega lake.

Niliamua kuandika makala mpya kusahihisha sura yangu. Nilitaka kufuta "mchoraji asiyejulikana" na kuandika jina la mama, jina lake lote, la kanisani na la nyumbani. Niliandika kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi. Nilimpigia mama kumuuliza habari za rangi, brashi, upana wa kitambaa, naye alinijibu, kifupi kifupi lakini alinijibu. Jarida likarudisha makala na maoni mazuri na ombi moja: mwandishi aonyeshe chanzo cha dai kwamba mchoraji ni huyu. Nikawajibu kwamba mchoraji ni mama yangu mzazi. Wakaandika tena, kwa adabu, kwamba wanaelewa, lakini wasomaji watahitaji chanzo kilichokwisha kuchapishwa au kuonyeshwa hadharani.

Chanzo kilikuwa kimoja tu duniani. Kisha nikaandika, mahali ambapo ningeandika "mama aliniambia", jina la ukoo la mwenzangu na jina la filamu yake. Vidole vilikuwa vizito kama vya mtu aliyetoka kwenye baridi ya asubuhi shambani. Makala ilichapishwa hivyo, na hivyo ndivyo itakavyosomwa na watakaokuja: kwamba habari za mama yangu nilizipata kwa mwenzangu.

Mwaka jana mwenzangu alipata nafasi ya utafiti ng'ambo na akaondoka. Kabla ya kwenda alipita Sosiot kuaga, na mama akalia, mama ambaye sikumwona akilia hata kwenye mazishi ya baba. Mimi nilimpeleka hadi stendi ya mabasi na kumsaidia kupakia masanduku. Gari lilipoondoka nilihisi wepesi, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Nilirudi kampasini nikahamia ofisi ya mwisho, mkuu wa idara aliniruhusu. Dirisha linatazama chai kweli. Lakini wanafunzi hawakurudi kwa wingi niliotarajia. Wengine walikuwa wamemaliza, na wengine walikuwa wakimtumia yeye kazi zao kwa simu, huko huko aliko.

Jumapili mama huniuliza. Haulizi habari za makala, wala za wanafunzi.

"Msichana wetu anasemaje?"

Mwanzoni nilikuwa nasema yuko sawa, basi. Juzi nilitoa simu nikampigia, kwa video, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai mezani. Kule kulikuwa na theluji dirishani. Mama alisogea karibu mpaka kwenye skrini likaonekana paji la uso peke yake, akaanza kuuliza maswali, moja juu ya jingine: unakula nini, nani anakufulia, huko wana maziwa? Mwenzangu akacheka kile kicheko chake. Mama akacheka pia, akafunika mdomo.

Nilikuwa nimeketi kando yao, nje ya picha, na ule wivu ulikuwa pale pale, haujapungua hata chembe.

"Dada yuko?" mwenzangu akauliza. "Simwoni."

"Yuko hapa," mama akasema, akanivuta kwa mkono wa sweta. "Sogea. Anakutafuta."

Nikasogea.